Ayaana wa Pate: Kipawa cha Msichana na Dunia Inayomgombania

Riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, The Dragonfly Sea (2019), imeandikwa kwa Kiingereza, ila msomaji wa Kiswahili akiifungua hujikuta yumo kwao. Mandhari yake ni kisiwa cha Pate, na Kiswahili kimepenyezwa katika usemi wa wahusika wake.

Mhusika mkuu ni Ayaana, mtoto asiye na baba, anayelelewa na mamake, Munira, kati ya masimango ya majirani. Kipawa chake kinajitokeza mapema: bahari huielewa kama wengine waelewavyo mtaa wao. Baba hapewi, anajichagulia mwenyewe, naye ni Muhidin, baharia mzee aliyerejea kisiwani na vitabu vyake. Uteuzi huo ndio tendo la kwanza la uhuru katika riwaya nzima, na huenda ndilo kubwa kuliko yote.

Wahakiki hupata taabu kuiweka kazi hii katika utanzu mmoja. Ni riwaya ya makuzi, ya safari, ya mapenzi na ya historia kwa pamoja. Je, ni distopia pia? Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo kwa chombo hadi ulimwengu mwingine ili msomaji autazame upya ulimwengu wake. Owuor hahitaji chombo cha angani. Jinamizi lake limo katika mambo yaliyokwisha kutokea: wanaume wanaotoweka katika vita dhidi ya ugaidi, wageni wenye itikadi kali wanaowanyemelea vijana, na dola kubwa inayodai damu ya mtoto.

Dai hilo la mwisho lina asili yake. Wenyeji wa Pate wana masimulizi ya mabaharia wa Kichina waliookoka chombo chao kilipozama, wakaoa kisiwani. Jina la kijiji cha Shanga hutajwa sana katika habari hizo. Mwaka wa 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana kutoka visiwa vya Lamu aliyetajwa kuwa wa ukoo huo alipewa ufadhili wa kusoma China. Owuor aliuchukua mkasa huo akauuliza swali ambalo sherehe hazikuuliza: msichana akishafanywa ushahidi wa udugu wa mataifa, yeye mwenyewe anabaki kuwa nani? Huko China Ayaana anaitwa Mzawa, anapigwa picha, anaonyeshwa watu. Jibu lake ni kujifunza kuongoza meli.

Sehemu za ughaibuni zimerefuka kupita kiasi, na baadhi ya wanaume humo wanakaribia kuwa vivuli. Pate haififii. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyohamwa akauonya moyo wake. Ayaana anazaliwa baada ya magofu hayo, na macho yake yanaelekea majini.