Homa ya Bonde la Ufa hubisha hodi kabla ya kuingia

Mfugaji wa Gilgil au Maai Mahiu, hapa kaunti ya Nakuru, akiona kondoo kadhaa wametupa mimba kwa mfululizo baada ya mvua kubwa, asikimbilie kulaumu majani mabichi. Huenda zizini mmeingia virusi ambavyo wanasayansi walivitambua kwa mara ya kwanza papa hapa, kando ya Ziwa Naivasha.

Mwaka 1930, katika shamba moja la ufuoni, wanakondoo walikufa kwa wingi muda mfupi baada ya kuzaliwa, na wachungaji wao nao wakashikwa na homa. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichunguza mizoga na damu, na mwaka 1931 wakatangaza ugonjwa mpya wa virusi unaoharibu ini la kondoo na kumwambukiza binadamu. Wakauita homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1944, virusi hivyo vilipatikana ndani ya mbu walionaswa msitu wa Semliki, Uganda.

Swali lililobaki lilikuwa gumu: kwa nini ugonjwa hupotea miaka mingi, kisha ukazuka ghafla? Jibu limo ardhini. Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, katika mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua nyingi. Maji yakikauka, mayai hukaa hai udongoni kwa miaka. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1985 ulivikuta virusi katika mbu waliokuzwa kutoka kwa viluwiluwi, mbu ambao hawakuwa wamewahi kumuuma mnyama yeyote. Maana yake, mbu jike huwarithisha watoto wake virusi kupitia mayai.

Mafuriko yanapodumu, mayai huanguliwa na mbu wapya huuma ng'ombe, kondoo na mbuzi. Virusi huzaana kwa wingi katika damu ya mifugo, kisha mbu wengine, hasa wa jamii ya Culex, huvisambaza mbali zaidi.

Hapo ndipo homa hii inapotofautiana na dengue, inayowasumbua wakazi wa Mombasa mara kwa mara. Dengue huhitaji mtu na mbu tu. Mbu wake huzaliana kwenye mapipa, magurudumu makuukuu na matangi yasiyofunikwa, kwa hiyo vita dhidi yake hupiganwa uani. Vita dhidi ya homa ya Bonde la Ufa huanzia malishoni.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya homa hii ni mvua yenyewe. Bahari za Hindi na Pasifiki zinapopata joto kupita kawaida, Afrika Mashariki hupata mvua za El Nino, na setilaiti huona nyika ikigeuka kijani. Kwa kutumia takwimu hizo, Mkenya Assaf Anyamba na wenzake katika shirika la anga la Marekani, NASA, walitoa tahadhari mwaka 2006, wiki kadhaa kabla ya wagonjwa kuanza kuonekana.

Tahadhari ilitolewa, lakini mifugo haikuchanjwa kwa wakati. Mlipuko ulianzia Kaskazini Mashariki ukafika hadi Baringo, jirani zetu. Kufikia Machi 2007, Kenya ilikuwa imerekodi wagonjwa 684 na vifo 155. Masoko ya mifugo yalifungwa, na wauza nyama wakakosa wateja.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, kisha hupona ndani ya wiki moja. Wachache huharibika macho, huvimba ubongo au hutokwa na damu. Kati ya hao wanaotokwa na damu, takriban nusu hufariki. Virusi havijathibitika kuenea kutoka mtu hadi mtu. Wengi huvipata wakichinja, wakichuna ngozi, wakimsaidia mnyama kuzaa au wakishika mimba iliyotupwa. Mbu nao huambukiza, na maziwa mabichi ni hatari.

Chanjo ya mifugo ipo, na inatengenezwa humu nchini na taasisi ya serikali ya KEVEVAPI. Kasoro ni wakati. Mfugaji huikumbuka mbu wakishajaa, ilhali mnyama huhitaji muda kujenga kinga, na sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi wakati wa mlipuko inaweza kueneza virusi. Tena chanjo ya zamani yenye virusi hai huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya umma, ingawa George Warimwe wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, na wenzake wa Oxford wanaifanyia majaribio chanjo inayokusudiwa watu na mifugo pia.

Kwa hiyo mifugo ichanjwe wakati wa kiangazi, hasa mwaka ambao idara ya hali ya hewa imetabiri El Nino. Kaunti za Nakuru na Baringo zitenge fedha za chanjo mapema, zisisubiri mizoga.

Nawe msomaji, usimchinje mnyama mgonjwa hata kama hasara inauma. Usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, na nyama iive sawasawa. Ukipatwa na homa na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, mweleze daktari kama umeshika mifugo. Na mimba zikitupwa zizini, mpigie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.