Kipande cha Kafara katika Injini za Boti za Maziwani

Ni imani iliyoenea miongoni mwa wavuvi wa maziwani kwamba kutu ni maradhi ya pwani, na kwamba injini ya boti inayofanya kazi katika maji baridi haihitaji kinga. Imani hiyo ina ukweli nusu. Maji ya bahari hula madini upesi zaidi. Lakini mguu wa injini ya kupachika, ukizama ziwani mwaka hata mwaka bila kuangaliwa, nao hutobolewa, na gharama ya kuubadili si ya kubebwa kwa urahisi na chama chenye boti mbili tatu.

Asili ya ulaji huo ni umeme mdogo. Ganda la mguu ni la aluminiamu. Mhimili wa rafadha ni wa chuma kisichoshika kutu. Madini mawili yasiyo ya jinsi moja yakigusana ndani ya maji yenye chumvichumvi, japo kidogo, umeme hupita baina yao, na lililo dhaifu huliwa. Hapo aluminiamu ndiyo dhaifu. Kwa sababu hiyo watengenezaji hufunga kwenye mguu kipande cha madini dhaifu zaidi, kiitwacho anodi. Hiki ni kipande cha kafara: huliwa chenyewe ili ganda lisalimike.

Maarifa haya si mageni. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, alionyesha kuwa shaba iliyofunika matumbo ya merikebu za vita yaweza kukingwa kwa vipande vya zinki au chuma. Shaba ilipona kweli. Ila kwa kuwa haikuyeyuka tena majini, majani na wadudu wa baharini waliokuwa wakifukuzwa na sumu yake wakaota kwa wingi, merikebu zikawa nzito, na kinga ikaondolewa. Mguu wa aluminiamu hauna kisa hicho.

Jambo linalowapotosha wengi ni aina ya madini. Zinki ndiyo kinga iliyozoeleka baharini. Katika maji baridi zinki hujifunika utando mgumu, kisha huacha kufanya kazi ingawa ingali imefungwa mahali pake. Kwa maji baridi yafaa magnesiamu, ambayo nguvu yake ni kubwa zaidi, au aluminiamu iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Magnesiamu nayo isipelekwe baharini, maana huko huisha upesi mno na huweza kuifanya rangi ya mguu itoke malengelenge. Boti inayofanya kazi mlangoni mwa mto, ambako maji ya chumvi na baridi hukutana, ifungwe ile ya aluminiamu. Wala aina mbili zisichanganywe katika mguu mmoja. Tena maziwa hayafanani: maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi zilizoyeyuka nyingi kuliko ya Ziwa Victoria, hivyo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Katibu anayenunua vipuri asiridhike na neno la muuza duka. Na apime kwa mkono: vipande viwili vikiwa na ukubwa mmoja, cha zinki huwa kizito kama mara nne ya kile cha magnesiamu, na zaidi ya mara mbili na nusu ya kile cha aluminiamu.

Anodi hubadilishwa ikiisha nusu. Mwanachama hufurahi akiona kipande chake kizima kama kipya baada ya msimu, kumbe hiyo ni dalili mbaya. Kipande kisicholika hakilindi kitu: ama ni cha madini yasiyofaa, ama kimepakwa rangi, ama hakigusani vyema na mguu. Kabla ya kufunga kipya, mahali pake pasuguliwe kwa msasa hadi madini yang'ae, na bolti zikazwe barabara. Anodi isipakwe rangi kamwe. Mguu usafishwe kwa burashi ya nyuzi na sabuni; steliwulu isitumike, kwani chembe za chuma hubaki na kuanzisha kutu mpya. Rangi iliyochubuka irudishwe, lakini si rangi ya kuzuia uchafu yenye shaba, ambayo huila aluminiamu.

Rafadha nayo ivuliwe mara kwa mara. Nyuzi za nailoni za nyavu hujizungusha nyuma yake na kukata sili, maji yakaingia kwenye giaboksi. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, injini isitumike mpaka sili ibadilishwe. Mhimili upakwe grisi ya boti kabla ya rafadha kurudishwa, na boti ikitia nanga mguu uinuliwe kutoka majini.

Boti zinazobeba betri kwa ajili ya taa za dagaa zina hatari ya ziada. Waya uliochunika ukilala katika maji yaliyomo botini, umeme wake huvuja na kula madini kwa kasi kuliko sababu zote zilizotajwa. Kwa hiyo yafaa chama kiwe na daftari la kila injini, lenye tarehe ya kufungwa kwa kila anodi na aina yake. Injini ambayo anodi yake imekwisha kwa miezi michache, hali za boti jirani zingali nusu, ikaguliwe nyaya zote kabla ya kufungwa nyingine.