Mahali pa Kuanzia: Njia za Faili katika Majaribio ya Lugha ya Go

Mtu aliyeko mjini Nachingwea akiuliza njia ya Ruangwa huelekezwa upande wa kaskazini-mashariki. Akiyafuata maelekezo hayo hayo kutoka Ruangwa kwenyewe, atafika kwingine kabisa, ijapokuwa hakuna neno lililobadilika. Kilichobadilika ni mahali alipoanzia.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Faili huwekwa ndani ya saraka, kama jalada ndani ya kabati la masjala. Njia kamili huhesabiwa kutoka kwenye mzizi wa hifadhi nzima. Njia tegemezi huhesabiwa kutoka kwenye saraka ya kazi, yaani mahali programu inapohesabiwa kuwa imesimama.

Tuchukue mfano wa programu ya kukokotoa malipo ya wakulima wa korosho, iliyoandikwa kwa Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009. Programu hiyo ina vifurushi viwili, nachingwea na ruangwa, kila kimoja na faili lake la bei liitwalo testdata/bei.csv. Programu inapoendeshwa, saraka ya kazi ni ile aliyomo mwendeshaji. Lakini amri ya go test huendesha majaribio ya kila kifurushi ndani ya saraka ya kifurushi hicho. Hivyo njia moja huongoza kwenye mafaili mawili, na kila jaribio hupata lililo lake.

Hatari huzuka jaribio la Nachingwea linapohamia saraka ya Ruangwa lisirudi. Jaribio linalofuata litasoma bei isiyo yake. Kama faili lingekosekana, kosa lingeonekana mara moja. Kwa kuwa lipo jingine la jina hilo hilo, jaribio laweza kupita, kosa likajificha, na mkulima akapunjwa.

Kinga ni tatu. Data ya majaribio iwekwe ndani ya testdata, saraka ambayo Go haiihesabu kuwa kifurushi. Mafaili ya muda yaandikwe katika saraka itolewayo na t.TempDir, iliyoanza katika toleo la 1.15 mwaka 2020. Hufutwa jaribio likimalizika. Palipo lazima kuhama, itumike t.Chdir, ya toleo la 1.24 la mwaka 2025. Hiyo hurejesha saraka ya awali, nayo haikubali majaribio yaendayo sambamba, kwani saraka ya kazi ni moja kwa programu nzima.

Mwandishi wa programu mwenye shaka na aulize kwanza, kwa os.Getwd, amesimama wapi. Ndipo aandike njia.