Mwanafunzi Mwenye Watoto Watatu

Wiki iliyopita nilikwenda katika chuo kimoja cha hapa mjini kuulizia fomu. Nilifika saa kumi na dakika ishirini alasiri, jasho likinitiririka, maana zamu yangu studio humalizika saa tisa na nusu, na usafiri wetu mnaujua. Askari wa getini akanitazama, akaniuliza: "Mzee, umekuja kumwona mtoto?" Nikamjibu kwamba nimekuja kwa shida yangu mwenyewe. Akacheka kidogo, bila ubaya, akasema: "Basi umechelewa, mzee wangu. Masijala wanafunga saa tisa na nusu."

Kwa hiyo dakika ninayotoka mimi kazini ndiyo dakika wanayofunga wao. Nilipokuwa narudi kituoni nikaona hilo ni jambo la kuzungumza nanyi wiki hii.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na umri wangu umepita arobaini. Miaka kadhaa iliyopita nilijiandikisha kusoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni. Muhula wa kwanza nikafaulu, wa pili nikafaulu. Muhula wa tatu mtihani mmoja ulihamishwa kutoka Jumamosi kwenda Alhamisi asubuhi. Tangazo likabandikwa ubaoni siku ya Jumanne. Wanafunzi wa bwenini walilisoma wakienda kula. Mimi Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi nilikuwa hewani, nawasomea taarifa ya habari. Nilipokwenda kujieleza niliambiwa kwamba maombi ya kuahirisha mtihani hupokelewa kabla ya mtihani. Nikauliza, mtu ataombaje kuahirisha jambo asilolijua? Sikupata jibu. Ada ya muhula uliofuata nikailipia mtoto wa kwanza aliyekuwa anaingia sekondari, na masomo yangu yakaishia hapo.

Siyasemi haya ili nionewe huruma. Kuna walioachia mwaka wa mwisho, zimebaki kurasa thelathini za tasnifu. Nataka tuelewe kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu na nia ya kusoma hushindwa, na nini chuo kinaweza kufanya.

Vyuo vingi vimepangwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa aina moja: kijana wa miaka ishirini, hana mke wala mume, analala bwenini, na asubuhi hadi jioni kazi yake ni kusoma. Ratiba, maktaba, zahanati na michezo vyote vimepangwa kwa ajili yake. Lakini wapo wengine. Yupo anayepanga chumba mtaani na kushinda barabarani saa mbili kila siku. Yupo wa uzamili au uzamivu, ambaye hana darasa la kila siku wala wenzake wa kukaa nao. Ana msimamizi mmoja tu, na msimamizi akisafiri naye amesimama. Na yupo mtu mzima aliyerudi shule akiwa na kazi, ndoa na watoto.

Huyu wa tatu si mgeni kwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba wanaomaliza kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, bali wafanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa na kuachwa, na mengi yamesemwa juu ya ubaya na uzuri wake. Ila ulituonyesha kwamba mtu aliyekwisha kuonja kazi anaweza kukaa darasani na kufaulu.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hivyo kwa njia ya vita. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, na zaidi ya milioni mbili wakaingia vyuoni. Walikuja na wake na watoto wachanga. Vyuo vilikuwa vimezoea vijana, vikalazimika kutafuta nyumba za familia, hata kwa kusogeza mabanda ya jeshi. Uingereza nako chuo kikuu huria kilipata hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kwa redio, televisheni na posta. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza mwaka 1994 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Fikra yake kubwa ilikuwa rahisi: kama mwalimu wa Songea hawezi kuacha darasa lake aje Dar es Salaam, basi chuo kimfuate huko huko kwa kituo cha mkoa.

Sasa tuje kwenye sababu. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, alieleza kwamba wanafunzi wengi huacha chuo kwa kutojiona kuwa sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, wataalamu wengine wawili, John Bean na Barbara Metzner, waliwatazama hasa wanafunzi wazima wanaotoka nyumbani kwao. Wakaona kwamba huyu huangushwa zaidi na mambo ya nje ya chuo: saa za kazi, fedha, familia. Kwa hiyo ngoma na mechi za mpira peke yake hazimsaidii. Anayehitaji mtu wa kubaki na mtoto humsaidii kwa kumwalika kwenye disko la kuwakaribisha wanafunzi wapya.

Vyuo vilivyolielewa hili hufanya mambo ya kawaida kabisa. Huacha dirisha moja la ofisi wazi hadi saa mbili usiku, walau siku moja kwa wiki. Siku ya kuwapokea wapya huirudia Jumamosi, na mwanafunzi huruhusiwa kuja na mwenzi wake. Hapo mke au mume huelezwa kwamba mwezi wa mitihani utakuwa mgumu, na ugomvi mwingi wa nyumbani huzimwa kabla haujawaka. Hutenga chumba chenye meza, umeme na makabati ya kufungia vitu, ili anayetoka mbali apumzike kati ya kipindi na kipindi. Wa uzamili hukutanishwa kila mwezi, kila mmoja aeleze utafiti wake umefika wapi. Anayejua kwamba mwezi ujao ataulizwa, ataandika. Na badiliko lolote la ratiba hutumwa kwenye simu ya kila mwanafunzi, si ubaoni tu.

Mtu atasema, hayo yote ni gharama. Ni kweli, mlinzi wa usiku hulipwa, na karani anayebaki jioni lazima alipwe. Lakini mwanafunzi anayeacha mwaka wa pili naye ni gharama. Chuo kimepoteza ada ya miaka iliyobaki, mwajiri amepoteza mfanyakazi ambaye angekuwa bora zaidi, na nyumbani watoto wamemwona mzazi wao akifunga daftari. Ujumbe wa simu ni bei ya peremende. Mimi ungeniokoa.

Wengine husema mtu mzima ajitegemee, asidekezwe. Nakubali asidekezwe. Mtihani na uwe ule ule, na alama za kufaulu ziwe zile zile. Ninachoomba ni mlango uwe wazi saa ambayo huyo mtu anaweza kufika.

Ndugu msomaji, kama nawe unafikiria kurudi shule, kabla hujalipa hata shilingi uliza haya. Ofisi hufungwa saa ngapi, na maktaba je? Mtihani ukihamishwa nitajulishwaje? Nikiuguliwa na mtoto, nitaahirisha kwa utaratibu gani, na kwa muda gani? Msimamizi wangu akiondoka, nani atanichukua? Nikishindwa ada muhula mmoja, nikirudi nitaanza upya au nitaendelea nilipoachia? Majibu uyapate kwa maandishi. Chuo kisichoweza kukujibu kabla hakijapokea fedha yako, kikishaipokea hakitakujibu.

Ama mimi, nimebadilishana zamu na mwenzangu. Jumatatu nitakuwa kwenye lile dirisha saa mbili asubuhi, na maswali yangu matano nimeyaandika kwenye karatasi.