Shimo Hili ni la Nani?

Katika vijiji vya England, habari za jirani bado hubandikwa kwenye ubao wenye mlango wa kioo, aghalabu nje ya ukumbi wa kijiji au karibu na kituo cha basi. Humo utakuta tangazo la paka aliyepotea, ratiba ya ibada, na karatasi moja isiyokosekana: ajenda ya baraza la parishi. Sheria inataka itolewe siku tatu kamili kabla ya kikao, Jumapili na sikukuu zisihesabiwe. Isome taratibu. Jirani anaomba kibali cha kuongeza chumba juu ya gereji. Mashimo kwenye barabara ya shuleni. Magari yanayopita kwa kasi. Kinyesi cha mbwa kwenye uwanja wa watoto. Basi la mchana lililofutwa. Bei mpya ya kukata majani. Mti wa makaburini ulioegemea ukuta.

Anayeisoma kwa mara ya kwanza hudhani ameziona kazi za serikali nzima ya kijiji. Kumbe katika mambo hayo saba, baraza lina kauli ya mwisho katika mawili, pengine matatu. Yaliyobaki linasikiliza, linaandika barua na kusubiri majibu. Ndiyo maana anayetaka kuzielewa siasa za vijijini England namshauri aanze na swali la kikarani kabisa: kitu hiki ni cha nani? Ugomvi mwingi wa vijiji hivyo ni wa watu wanaomfokea asiyehusika.

Parishi zenyewe ni za kale kuliko mabaraza yake. Kwa karne nyingi mipaka ilikuwa ya kanisa, na kikao cha waumini na wenye mali ndicho kilichosimamia hata mambo ya dunia. Sheria ya maskini ya mwaka 1601 iliitwika kila parishi mzigo wa kuwatunza mafukara wake kwa kodi ya hapo hapo. Mwaka 1894 bunge likayatenganisha mambo ya dunia na ya kanisa. Yakaundwa mabaraza ya kuchaguliwa vijijini, na wanawake, walioolewa na wasioolewa, wakaruhusiwa kuyapigia kura na kuyagombea, miaka 24 kabla ya sheria kumpa mwanamke yeyote haki ya kupiga kura ya bunge nchini humo. Kanisa likabaki na baraza lake. Mpaka leo yapo mawili yenye majina yanayokaribiana, moja la kasisi na waumini, jingine la madiwani, na barua hupotea njia kati yao kila mara. Haya ya madiwani, pamoja na ya miji midogo, yanafika kama 10,000, na wengi wa madiwani wake hawapokei posho.

Turudi kwenye shimo. Juu ya parishi, sehemu nyingi za vijijini zina ngazi mbili: halmashauri ya wilaya na halmashauri ya kaunti. Barabara, ukiondoa zile kuu za kitaifa, ni za kaunti. Diwani wa parishi hana lami wala katapila, na hata ndoo ya kokoto haruhusiwi kuimwaga humo kwa hiari yake. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inaibana kaunti izitunze, lakini inaipa pia pa kuponea: gari likivunjika springi shimoni, kaunti inaweza kujitetea mahakamani kwa kuonyesha kwamba ilikuwa na utaratibu mzuri wa ukaguzi na haikuwa na taarifa za shimo lile. Kwa hiyo ripoti moja yenye tarehe, picha na mahali penyewe, iliyotumwa kaunti kabla ya ajali, ina uzito kuliko malalamiko kumi kwenye kikao cha parishi. Karani mzuri huwaambia wanakijiji hivyo bila kuzunguka. Karani mwoga huandika "imepokelewa" na mwezi unapita.

Mgawanyo huu una vituko vyake. Taka za nyumbani hukusanywa na wilaya lakini pa kuzipeleka huamuliwa na kaunti. Kikomo cha kasi huwekwa na kaunti, kinasimamiwa na polisi, na parishi inaweza kununua kibao cha umeme kinachomwonyesha dereva kasi yake. Wanakijiji wa kujitolea husimama kando ya barabara wamevaa vizibao vinavyong'aa, wakiwa na kipima kasi mkononi. Dereva wanayemnasa hupata barua ya onyo kutoka polisi, si faini.

Kwenye ujenzi, hasira huwa kubwa kuliko kwenye barabara. Maombi ya nyumba 80 kwenye konde la ngano yakitangazwa, ukumbi hujaa. Anayeamua ni wilaya. Parishi ina haki ya kuarifiwa na kutoa maoni, kwa kawaida ndani ya siku 21. Na maoni hayo yana sarufi yake. Kwamba utapoteza mandhari ya dirishani, au kwamba bei ya nyumba yako itashuka, sheria haivitambui kuwa hoja. Mafuriko, usalama wa njia panda, nyumba mpya kuchungulia chumba cha jirani, jengo la kihistoria kuharibiwa hadhi yake: hizo ni hoja. Nadhani nusu ya kazi ya diwani mwenye busara ni kuitafsiri hasira ya ukumbi iwe lugha ambayo ofisa mipango anaweza kuitumia.

Tangu sheria ya mwaka 2011, kijiji kinaweza pia kuandika mpango wake wa maendeleo na kuupigia kura ya maoni. Ukipita, wilaya inalazimika kuutumia inapoamua maombi. Wa kwanza kupigiwa kura ulikuwa wa Upper Eden, Cumbria, Machi 2013. Kuna pia kishawishi cha fedha: pale wilaya inapotoza wajenzi ada ya miundombinu, parishi hupata asilimia 15, na yenye mpango hupata 25. Lakini mpango huchukua miaka ya vikao vya jioni, na wasiotaka nyumba hata moja hugundua wakiwa wamechelewa kwamba hauwezi kutumika kuzuia nyumba ambazo wilaya imekwisha kuzipanga.

Msomaji wa Tanzania asiliweke baraza hili kwenye mizani ya halmashauri ya kijiji chake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji. Baraza la parishi halimgawii mtu kiwanja. Linachoweza ni kukodisha vishamba vya mboga. Wapiga kura sita wakiandika kuviomba, sheria ya mwaka 1908 inalitaka baraza lilizingatie ombi lao, na likiona mahitaji yapo, litafute ardhi. Kipimo cha jadi ni kama mita za mraba 250, mahali pa viazi, maharage na kibanda cha kuwekea majembe.

Haki ya ardhi iliyo pana zaidi England ni ya kupita. Njia za miguu zilizosajiliwa kwenye ramani rasmi hukatiza mashamba ya watu binafsi, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Akilima juu ya njia inayopita katikati ya shamba, anapewa siku 14 kuirudisha, ionekane na ipitike, kwa upana usiopungua mita moja. Ndiyo maana katikati ya ngano iliyofika kiunoni utakuta mstari mtupu uliochorwa kama kwa rula. Njia isiyo kwenye ramani nayo inaweza kupata haki hiyo: watu wakiipita waziwazi miaka 20, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria huchukulia kwamba mwenye ardhi aliitoa kwa umma. Wazee wa kijiji hutakiwa kujaza fomu za ushahidi, nani alipita, lini, akienda wapi. Diwani anayeijua sheria hii huwafuata wazee hao mapema, maana ushahidi wenyewe unazeeka.

Sasa fedha, na hapa ndipo baraza hili dogo linapokuwa na meno. Kila majira ya baridi hupanga bajeti, hutaja kiasi linachotaka, na halmashauri inayokusanya kodi ya nyumba hulazimika kukiongeza kwenye bili za wanakijiji na kukikabidhi. Halmashauri za juu zikipandisha kodi kupita kikomo cha serikali kuu hulazimika kuitisha kura ya maoni. Mabaraza ya parishi mpaka sasa hayajawekewa kikomo hicho. Halmashauri zinazoishiwa zimeuona mlango huo. Somerset, iliyounganisha kaunti na wilaya zake nne Aprili 2023, ilitangaza hali ya dharura ya kifedha Novemba mwaka huo huo, kisha ikaanza kuzungumza na miji na parishi zake kuhusu kuchukua huduma ambazo yenyewe isingeweza kuendelea kuzilipia, vyoo vya umma vikiwamo. Kwa mlipakodi ni mfuko ule ule. Kilichobadilika ni jina la anayechota.

Parishi imezoea kuachiwa vitu. Tazama kibanda chekundu cha simu, kile cha umbo alilochora Giles Gilbert Scott miaka ya 1930. Simu za mkononi zilipokiondolea kazi, kampuni ya BT mwaka 2008 ilianza kuwaruhusu wenyeji kukichukua kwa pauni 1. Ukifungua mlango wake leo, pale palipokuwa na simu pana kasha la mashine ya kushtua moyo uliosimama, au rafu za vitabu vya kuazimana. Pauni 1 ni bei ya kuanzia tu. Rangi ni gharama, betri ya mashine ina mwisho wake, na lazima awepo mtu wa kuikagua.

Ule mti wa makaburini ni mfano mgumu zaidi. Makaburi ya kanisa yakijaa na kufungwa rasmi, baraza la kanisa linaweza kuliandikia baraza la parishi na kulikabidhi matunzo yake: ukuta, njia, majani, miti. Likiisha kupokea barua hiyo, baraza la parishi lina miezi mitatu ya kuamua kama linausukuma mzigo huo wilayani. Likisinzia, umebaki kwake. Kwa parishi yenye kaya mia mbili, ukuta mmoja wa mawe wa karne ya kumi na tisa unaotaka kuanguka unaweza kumeza bajeti ya mwaka mzima.

Vikao vyenyewe viko wazi kwa umma. Haki hiyo ilitiwa nguvu na sheria ya mwaka 1960, aliyoipeleka bungeni mbunge mpya, Margaret Thatcher. Havipaswi kufanyika mahali panapouzwa pombe, ila pakikosekana chumba kingine cha bure au cha bei nafuu. Kikao cha Handforth, Cheshire, kilichofanyika kwa Zoom Desemba 2020, kilisambaa duniani miezi miwili baadaye, madiwani wakifokeana na Jackie Weaver, ofisa wa chama cha mabaraza aliyekuja kusaidia, akimwondoa mwenyekiti kwenye skrini. Watu walicheka, ila hoja iliyogombaniwa, nani ana mamlaka ya kuendesha kikao, si ya mzaha. Uamuzi juu ya jambo lisilokuwamo kwenye ajenda hauna nguvu kisheria, na mwananchi anayekuja kulalamika usiku ule ule husikilizwa kisha huambiwa asubiri mwezi ujao.

Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuziondoa ngazi mbili zilizobaki na kuweka halmashauri moja moja za watu wapatao 500,000 au zaidi. Parishi hazifutwi. Zitakuwa ngazi pekee ambayo mwanakijiji anaweza kuifikia kwa miguu, na huku nyingi hazipati hata wagombea wa kujaza viti. Kiti kikiwa wazi katikati ya muhula, wapiga kura kumi wakiandika ndani ya siku 14 za kazi, uchaguzi unafanyika, na gharama zake huweza kurudishwa kwa parishi yenyewe. Wasipoandika, madiwani waliobaki huchagua wanayemtaka.