Othografia ya Kinyaturu: Irabu Saba kwa Herufi Tano

Kinyaturu, ambacho pia huitwa Kirimi, ni lugha ya Kibantu ya mkoani Singida yenye irabu saba. Mzungumzaji wake hufundishwa kusoma na kuandika kwa Kiswahili, chenye irabu tano na herufi tano za kuziwakilisha. Anapotaka kuandika lugha yake mwenyewe, iwe ni jina la ukoo au masimulizi ya wazee, hukuta irabu mbili hazina herufi. Makala haya yanafafanua chanzo cha tatizo hilo na njia za kulitatua.

Irabu zinazohusika ni za juu. Chini kidogo ya i ipo irabu nyingine inayosikika kati ya i na e; vivyo hivyo, chini ya u ipo nyingine inayosikika kati ya u na o. Sikio lililozoea Kiswahili huisikia irabu hiyo mara kama i, mara kama e, na kwa hiyo watu wawili wanaweza kuliandika neno moja kwa tahajia mbili. Hili si suala la lafudhi. Irabu hizo ni fonimu, na uchambuzi wa sauti za Kirimi uliochapishwa na Howard Olson mwaka 1964 ulishaziainisha hivyo.

Mfumo huo ni wa kale. Wanaisimu wengi wanakubali kuwa Mame-Bantu ilikuwa na irabu saba. Kiswahili kilizipunguza, ila tofauti zilizofutika ziliacha alama. Vitenzi lima na zima hapo kale vilianza kwa konsonanti moja. Kilichovitenganisha ni irabu (na toni). Zima kilikuwa na i ya juu kabisa, nayo ikaigeuza konsonanti iliyoitangulia kuwa z; baadaye irabu zenyewe zikaungana. Tuma na fuma vina historia kama hiyo kwa upande wa u. Kiswahili basi kinatoshwa na herufi tano kwa sababu konsonanti zilibeba sehemu ya kazi ya irabu.

Kikhmeri cha Kambodia kilipita njia hiyo kinyumenyume. Konsonanti zake ghuna za kale zilipopoteza ughuna, tofauti ilihamia kwenye irabu, lakini maandishi, ambayo yana asili ya India, hayakubadilishwa. Hadi leo konsonanti zake zimo katika makundi mawili, na alama moja ya irabu husomwa kwa sauti moja ikifuata kundi la kwanza na mara nyingi kwa sauti nyingine ikifuata la pili. Ni mbinu ya kuvutia, lakini Kinyaturu hakiwezi kuiazima, kwani herufi za Kilatini hazina makundi ya namna hiyo.

Inabaki kuongeza alama. Kikuyu cha Kenya huandika ĩ na ũ. Kilangi, jirani wa Kondoa, huandika ɨ na ʉ. Njia ya tatu ni kuacha herufi tano na kumwachia msomaji akisie kwa muktadha. Hoja kwamba mzawa atakisia tu bila shida ni dhaifu: inamfaa anayeijua lugha tayari, si mtoto aliyekulia mjini anayejifunza lugha ya bibi yake kwa kusoma. Kati ya njia mbili za kwanza, ĩ na ũ zina faida ya kupatikana kwa urahisi zaidi katika simu na kompyuta. Toni, ambayo Kiswahili hakina, ni mzigo mwingine. Kuiandika kila mahali huchosha jicho, hivyo yafaa iwekwe pale tu inapobadili maana.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kihadzabe, kinachozungumzwa kandokando ya Ziwa Eyasi hadi wilayani Mkalama, kina tatizo jepesi zaidi katika suala la herufi. Sauti zake za vidoko huonekana ngumu kwa mgeni, lakini c, q na x hazitumiki peke yake katika Kiswahili. Zilikuwa huru kupewa kazi hiyo, kama zilivyopewa katika Kizulu. Irabu za Kinyaturu hazikupata herufi za ziada.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaka jamii ziendelee kutumia na kujivunia lugha zao za asili. Kamusi ya Kinyaturu, kwa mfano, haiwezi kupanga vidahizo vyake kabla ya kuamua irabu hizi mbili zikae wapi katika alfabeti.