Sehemu na Jumla: Kuifahamu Filamu ya Synecdoche, New York

Filamu ya Synecdoche, New York, iliyotungwa na kuongozwa na Mmarekani Charlie Kaufman, ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Cannes mwaka 2008. Watazamaji wengi wameiona wakachanganyikiwa. Nyumba yawaka moto miaka mingi bila kuteketea. Mtu adhani mkewe ameondoka juma moja tu lililopita, kumbe mwaka mzima umekwisha. Hata hivyo njia ya kuifahamu imo katika jina lake.

Jina hilo lachezea sauti ya Schenectady, mji wa jimbo la New York ambamo kisa chaanza. Lakini neno lenyewe ni istilahi ya balagha, yaani tamathali ya kutaja sehemu ya kitu kwa kukusudia kitu kizima. Mswahili huitumia kila siku. Asemaye kwamba mguu wake hautakanyaga tena nyumba fulani hamaanishi kwamba mwili uliosalia waweza kuingia. Na katika methali, mkono mtupu usiolambwa ni mtu asiye na cha kutoa.

Kosa la wengi ni kuifanya filamu hii kitendawili. Kitendawili kikisha kuteguliwa, maneno yake huachwa, likabaki jibu. Katika tamathali hii mguu hubaki mguu, sehemu ya kweli ya mwili. Basi nyumba ya Hazel haihitaji kuteguliwa. Aliinunua ikiwaka, akijua kwamba huenda ikamwua. Akaishi humo, na mwisho akafa kwa moshi wake. Hiyo ni sehemu. Jumla yake ni hali ya kila mwanadamu, ambaye hukaa pamoja na mauti yake huku akipanga mambo ya kesho.

Mhusika mkuu, Caden Cotard, aliyeigizwa na Philip Seymour Hoffman, ni mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Jina lake lakumbusha Jules Cotard, tabibu Mfaransa wa karne ya 19 aliyeeleza ugonjwa wa akili ambao mgonjwa hudai kwamba amekwisha kufa. Caden, akiogopa kufa kabla hajatenda jambo la maana, atumia fedha za tuzo kujenga mfano wa New York ndani ya ghala kubwa. Amwajiri mtu amwigize yeye. Mwigizaji huyo naye ahitaji wa kumwigiza. Na ndani ya ghala lajengwa ghala jingine. Miaka 17 yapita katika mazoezi, wala hajaalikwa mtazamaji ye yote.

Caden ataka sehemu ilingane na jumla. Lakini tamathali hufaa kwa sababu sehemu ni pungufu: asemaye hutaja kidogo na kuacha mengi. Caden hakubali kuacha cho chote, na akiwa katika kuyanakili maisha, maisha yenyewe yampita. Binti yake Olive akulia Ujerumani. Na siku ya kufa kwake baba na mwana hawana lugha moja, bali wasemezana kwa chombo cha kutafsiri kivaliwacho masikioni.

Mwishoni Caden, amekuwa mzee, asema kwamba sasa amejua namna ya kuutengeneza mchezo wake. Kabla hajaeleza, sauti sikioni mwake yamwamuru afe. Mchezo wabaki sehemu tu, kama yabakivyo maisha ya kila aliyeutazama.